Nyuma ya anwani moja: orodha za barua pepe za wafanyakazi wa shule

"Nani ana funguo za maabara?" Swali la maneno matano, na anayeuliza anamhitaji mtu mmoja tu. Akiliandika kwenda walimu@, anwani ya orodha ya barua pepe ya shule, linawafikia watu 60. Kumi na mmoja wanajibu "Si mimi", tena wengi wao kwa "Jibu wote". Mmoja anauliza kama inazungumziwa maabara ya kemia au ya kompyuta. Mwenye funguo yuko darasani, simu inamtetemekea mfukoni mpaka anaizima bila kusoma chochote.

Malalamiko yanayofuata ni yaleyale, kwamba barua pepe zimezidi. Mimi kosa naliona mahali pengine. Siku orodha ile ilipoundwa, aliyeiunda alijibu swali moja tu: nani yumo. Mawili akayaacha: nani anaruhusiwa kuiandikia, na mtu akibonyeza "Jibu", jibu lake linakwenda kwa nani. Programu haiachi maswali hayo wazi. Usipoyajibu, inayajibu yenyewe kwa mpangilio iliokuja nao, na mpangilio huo haukutungwa kwa ajili ya shule yako.

Vitu vitatu vinavyofanana kwa nje

Anwani ya orodha haina mtu nyuma yake. Ni agizo lililowekwa kwenye seva, kompyuta inayopokea na kusambaza barua pepe: ujumbe ukifika hapa, utolewe nakala, kila aliyeorodheshwa apelekewe yake, kama katibu muhtasi anavyorudufu waraka mmoja na kuugawa meza kwa meza. Programu ya LISTSERV, aliyoiandika Eric Thomas mwaka 1986, ndiyo iliyoanza kuwaondolea watu kazi ya kuongeza na kufuta majina kwa mkono, na kwa asili orodha za leo bado zinafanya vilevile.

Nakala ikishatoka, aliyeituma hana tena mamlaka nayo. Kila mpokeaji ana yake, kwenye kisanduku chake na pengine kwenye simu yake. Kitufe cha kutengua cha Gmail kinachofanya ni kuchelewesha kutuma, kwa sekunde zisizozidi 30, zikipita, basi. Huduma ya Microsoft ya kurudisha ujumbe hufanya kazi ndani ya taasisi ileile tu, kwa hiyo mwalimu wa muda anayepokea barua za shule kwenye anwani yake binafsi atabaki na nakala yake hata ufanyeje.

Kitu cha pili ni kisanduku cha pamoja. Mtu wa nje haoni tofauti: anaandika mahudhurio@ kama ambavyo angeandika walimu@. Ndani, ujumbe unabaki mmoja, mahali pamoja, na watu kadhaa wana ruhusa ya kuufungua na kuujibu kwa jina la anwani hiyo. Shule nyingi huunda orodha pale zilipohitaji kisanduku, na hapo ndipo mambo huanza kupishana. Mzazi anaandika saa moja asubuhi: "Mwanangu wa darasa la nne ana homa, leo hatafika." Kwa kuwa mahudhurio@ ni orodha, watu wanne wa ofisi wanapata nakala nne. Karani anadhani mwalimu wa zamu ameshajibu, mwalimu wa zamu anadhani karani ameshajibu, na saa nne mzazi anapigiwa simu kuulizwa mtoto yuko wapi. Siku nyingine wanajibu wote: huyu anataka cheti cha daktari, yule anasema si lazima.

Kisanduku cha pamoja kinaondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, ingawa kina mtego wake. Kwa kawaida mmoja akifungua ujumbe, unaonekana umesomwa kwa wote. Akiufungua akiwa njiani kwenda kipindini kisha akausahau, waliobaki wanaupita wakiamini umeshughulikiwa. Ofisi inayokiweza hukubaliana ishara moja, kwa mfano kwamba anayeuchukua ujumbe anautia lebo yenye jina lake kabla hajaanza kuandika jibu. Na nenosiri lisizunguke kwenye kikaratasi. Kila mtu apewe ruhusa kupitia akaunti yake mwenyewe, ili akihama ikatwe ya kwake peke yake, na ili ijulikane nani alimjibu nani.

Cha tatu ni orodha yenye kumbukumbu, ambayo inagawa nakala lakini pia inaweka kila kilichowahi kuandikwa mahali wanachama wanapoweza kusoma. Google Groups inaweza kupangwa hivyo, na makundi ya Microsoft 365 yana sanduku lao la mazungumzo. Ni msaada mkubwa kwa mgeni anayetaka kujua utaratibu wa mitihani wa mwaka jana. Ila fikiria mwalimu aliyeongezwa Jumatatu. Jumanne anatafuta ratiba ya usimamizi wa mitihani, na utafutaji huohuo unamletea mjadala wa miezi miwili nyuma ambamo wenzake walipima waombaji watano wa nafasi aliyonayo sasa, na mwenzake mmoja akaeleza kwa kirefu kwa nini mwalimu huyu hafai. Hakuna aliyevujisha siri. Ni mpangilio tu: kila mwanachama asome yote ya nyuma.

Nani yumo

Swali hili huonekana rahisi mpaka uanze kulijibu kwa majina. Walinzi, wapishi na madereva mara nyingi hawana akaunti za shule, kwa hiyo waraka wa "wafanyakazi wote" huwapita juu kwa juu. Kama hawamo, anwani isiitwe wote@. Jina hilo linampa mkuu wa shule uhakika wa uongo kwamba kila mtu ameambiwa kuhusu zoezi la moto, wakati anayetakiwa kufungua geti hana habari.

Njia nzuri ya kuepuka kazi ya kurudiarudia ni kuweka orodha ndani ya orodha. Wote@ haibebi majina ya watu. Inabeba walimu@, ofisi@, huduma@ na nyinginezo. Mtu anaongezwa mahali pamoja tu na anapata yanayomhusu kote. Lakini muundo huu unabeba hatari inayojificha vizuri. Kamati ya michezo inaomba kocha wa nje aongezwe kwenye orodha yao, ombi dogo lisilo na neno. Hakuna anayekumbuka kuwa orodha ya michezo iliwekwa ndani ya wote@ miaka mitatu iliyopita. Kuanzia siku hiyo kocha anapokea taarifa za mishahara kuchelewa, za mwanafunzi aliyesimamishwa, na za mkutano wa dharura wa walimu. Orodha za kazi na za kamati zisichanganywe. Kinachoingia ndani ya wote@ kiwe ni zile tu zinazofuata sajili ya ajira.

Halafu kuna majina yenyewe, ambapo Kiswahili kinatutega kwa namna ambayo miongozo ya kompyuta haitaji. Watu wa shule karibu wote huanza na herufi zilezile: walimu, wazazi, wanafunzi, wafanyakazi, walezi. Andika "wa" kwenye sehemu ya mpokeaji na programu inakupangia zote, mara nyingi ile uliyoitumia karibuni ikiwa juu. Mwalimu mwenye haraka anabonyeza ya kwanza, na maelezo kuhusu utovu wa nidhamu wa mtoto fulani yanakwenda wazazi@. Dawa ni kutanguliza neno linalotenganisha: ndani-walimu@, ndani-ofisi@, nje-wazazi@. Si majina ya kupendeza, nakubali, lakini kidole kikiandika "nje" akili inashtuka.

Kuingiza watu hakusahauliki, maana mgeni asiyepata barua atauliza. Kuwatoa ndiko kunakosahaulika, kwa sababu aliyeondoka halalamiki. Ndiyo maana orodha inayolishwa moja kwa moja na sajili ya wafanyakazi hushinda ile inayotunzwa kwa kumbukumbu ya mtu. Pale ambapo hilo haliwezekani, orodha ya majina ichapwe mwanzoni mwa kila muhula na isomwe na mtu anayewajua watu, si fundi wa kompyuta. Fundi ataona anwani 60 zinazofanya kazi. Makamu mkuu ataona majina matatu ya watu waliohama.

Na mwenye orodha naye huhama. Orodha ina mmiliki, yaani mwenye mamlaka ya kubadilisha mipangilio, na ndiye anayepelekewa taarifa kwamba anwani fulani zinarudisha barua. Akiwa ni mtu mmoja na akaondoka, barua zinaendelea kurudi na hakuna anayejua. Weka wamiliki wawili, mmoja wao akiwa cheo na si mtu.

Nani aandike, jibu liende wapi

Hapa ndipo penye uzito wote. Tuanze na kitufe. Orodha inaweza kupangwa ili "Jibu" limrudie aliyeandika, au liende kwa wote. Likirudi kwa wote, kuna siku mwalimu atajibu tangazo la mkutano akidhani anamwandikia mkuu peke yake: "Samahani mkuu, siwezi kuja, majibu ya hospitali yametoka na nimeanzishiwa dawa." Watu 60 wanasoma. Likirudi kwa mwandishi, mjadala wa kamati unakatika vipandevipande, kila mtu akijua nusu ya yaliyosemwa. Ukilinganisha madhara mawili haya hayalingani kabisa: mjadala uliokatika unaunganishwa, siri iliyotoka hairudi. Kwa orodha yoyote yenye watu zaidi ya wanaoweza kukaa meza moja, jibu limrudie mwandishi. Kamati ya watu sita iache kwa wote.

Ila mpangilio huo unagusa kitufe cha "Jibu" peke yake. "Jibu wote" inachukua anwani zote zilizo juu ya ujumbe, pamoja na ya orodha, na inapita. Wengi hushangaa: wamepanga majibu yaende kwa mwandishi, lakini "Si mimi" bado zinamiminika. Kinachozuia mmiminiko ni swali la pili, la nani ana ruhusa ya kuandika. Kama wenye ruhusa ya kuandikia wote@ ni mkuu, makamu na katibu muhtasi, majibu ya wengine yanaishia mlangoni.

Hata waliotengeneza programu hizi yaliwakuta. Mwaka 1997 ndani ya Microsoft, watu walijikuta kwenye orodha moja ya majina takriban 13,000, wakaanza kujibu wote wakiomba waondolewe, wengine wakajibu wote wakiwaambia waache kujibu wote. Novemba 2016 ikawa zamu ya mfumo wa barua pepe wa huduma ya taifa ya afya ya Uingereza: ujumbe mmoja wa majaribio ulikwenda kwenye orodha ambayo kwa hitilafu iliwabeba watumiaji zaidi ya 800,000, na majibu ya wote kwa wote yakaulemea mfumo siku hiyo. Shule haifiki huko kwa idadi, lakini mwendo ni uleule, na katika visa vyote viwili orodha ilikuwa wazi kwa yeyote kuiandikia.

Kufunga mlango kabisa nako kuna bei yake. Orodha nyingi zinaruhusu njia ya kati: ujumbe wa asiye na ruhusa unasubiri mtu aupitishe. Ni utaratibu mzuri mpaka mpitishaji mwenyewe awe na vipindi vinne mfululizo, na tangazo la basi lililoharibika likae likisubiri hadi jioni. Wapitishaji wawe wawili au watatu wenye ratiba tofauti, na mwalimu wa zamu aruhusiwe kupita bila kusubiri.

Kwa watu wa nje ya shule, funga bila kusita. Orodha inayokubali barua kutoka popote ni zawadi kwa tapeli: anaandika ujumbe mmoja akijifanya mkuu wa shule aliye mkutanoni, anayehitaji mtu amnunulie kadi za zawadi haraka, na seva ya shule yenyewe inamgawia wasomaji 60.

Basi mwenye swali la funguo aulize wapi? Na anayeuza baiskeli, anayetafuta lifti, anayeshukuru kwa rambirambi? Hayo ni maisha ya wafanyakazi na ukiyafungia nje yatarudi kwa dirishani. Iundwe orodha ya pili, ya hiari, yeyote aandike, yeyote aingie na kutoka apendavyo. Orodha ya kazi hakuna anayejitoa. Ya hiari hakuna anayelazimishwa. Kama ningelazimika kufanya badiliko moja tu shuleni, lingekuwa hili la kuzitenganisha. Kila ujumbe unaopita kwenye orodha iliyopangwa vizuri hubeba alama isiyoonekana iitwayo List-Id, iliyowekewa kanuni mwaka 2001, na kwa alama hiyo mtu anaweza kuiambia programu yake iweke ya hiari kwenye folda ya kando asome akipumzika.

Wapo watakaosema kundi la WhatsApp linamaliza yote haya. Kwa jambo la dakika hii, sawa kabisa. Funguo za maabara zingepatikana huko. Lakini kundi hilo linakaa kwenye namba binafsi za watu, na kusaka waraka wa muhula uliopita katikati ya heri za siku ya kuzaliwa ni adhabu.

Kwa nini jina la mtumaji hugeuka

Mwalimu anaandika kutoka akaunti yake ya Yahoo kwenda orodha ya shule. Wenzake wanapokea ujumbe ambao mtumaji wake si yeye tena, bali jina lake "kupitia Walimu", na anwani ya orodha ikiwa chini yake. Wengine huogopa kuwa akaunti imedukuliwa.

Chanzo ni ulinzi dhidi ya matapeli. Mwenye kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani, hutangaza hadharani seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, huo ndio mfumo wa SPF, na hutia sahihi ya siri kwenye kila barua, ambayo ni DKIM. Wa tatu, DMARC, unamwambia mpokeaji afanye nini barua isipothibitika kwa njia hizo. Sasa angalia orodha inavyofanya. Inapeleka mbele barua inayosema imetoka Yahoo, lakini seva iliyoileta ni ya shule. Ikiongeza neno [Walimu] kwenye kichwa cha habari au mstari chini ya ujumbe, sahihi nayo inaharibika. Machoni pa seva inayopokea, orodha ya shule na tapeli wana sura moja.

Aprili 2014 Yahoo ilitangaza kwamba barua za namna hiyo zikataliwe, na AOL ikafuata mwezi huohuo. Orodha duniani kote zikaanza kupoteza barua, na baya zaidi, programu zilihesabu kukataliwa huko kama kosa la wapokeaji na kuwaondoa watu ambao hawakufanya lolote. Suluhisho lililoenea ni hilo la "kupitia": orodha inaweka anwani yake yenyewe mahali pa mtumaji ili barua ithibitike. Linafanya kazi, lakini linaturudisha kwenye kitufe. Kwa kuwa mtumaji anayeonekana sasa ni orodha, asiyepanga kwa makusudi majibu yaende wapi anaweza kukuta "Jibu" la kawaida linakwenda kwa watu wote.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai kila mtumaji awe na angalau SPF au DKIM, na wanaotuma karibu barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail wawe navyo vyote vitatu. Orodha ya walimu haifiki idadi hiyo. Lakini kama matangazo ya shule yanaishia kwenye barua taka, hapo ndipo pa kumuuliza anayetunza kikoa chenu.

Habari za watoto

Orodha ya wafanyakazi ni mahali pabaya pa jina la mtoto. Mpishi anahitaji kujua mtoto yupi haruhusiwi karanga, na mwalimu wake wa darasa pia. Mtunza maktaba hahitaji kujua kwamba wazazi wa mtoto huyo wanaachana. Ujumbe ukienda kwa wote, kuna nakala 60 kwenye simu 60, nyingine zikichezewa na watoto wa wenye simu. Andika "tafadhali angalieni taarifa mpya kuhusu mwanafunzi wa darasa la tano", na taarifa yenyewe ibaki kwenye mfumo wa shule ambako ni wenye ruhusa tu wanaoweza kuifungua. Viambatisho navyo hivyohivyo: faili la MB 5 kwa watu 60 ni MB 300 za nakala, na kiungo kimoja kinachoweza kufungwa baadaye ni chepesi na salama zaidi.

Kwa wapokeaji wa nje, wengi hutegemea sehemu ya Bcc, inayoficha anwani za wengine. Ni kinga inayotegemea kidole kisiteleze. Nchini Uingereza, tume huru iliyochunguza unyanyasaji wa kingono dhidi ya watoto ilituma barua kwa washiriki 90 mnamo Februari 2017. Marekebisho yaliyofuata yaliwekwa anwani kwenye sehemu ya wazi, na nyingi zilibeba majina kamili. Baadaye, Julai, tume ikiwa tayari na orodha iliyotunzwa na kampuni ya kompyuta, na ikiwa imehakikishiwa kwamba mpokeaji hawezi kujibu orodha nzima, mpokeaji mmoja alibonyeza "Jibu wote" na anwani yake ikawafikia wote. Mwaka 2018 tume ikatozwa faini ya pauni 200,000. Uhakikisho ulipatikana, ila jaribio la dakika mbili kwa anwani za uongo lingeonyesha ukweli kabla ya mpokeaji huyo.

Jaribio hilo kila shule inaweza kulifanya wiki hii. Muundie mtu akaunti isiyo na madaraka yoyote, muongezeni kwenye orodha, kisha ajaribu kuandika, kujibu, kujibu wote na kufungua kumbukumbu za nyuma. Baada ya hapo mtoeni, aandike tena kutoka nje. Anzeni na wote@, kisha wazazi. Kamati ya michezo inaweza kusubiri muhula ujao, mradi kocha ameshatolewa.